Suti ya Zamani si Suti Kuukuu

Lugha yetu ina maneno mawili ambayo siku hizi watu wengi huyachanganya: nguo kuukuu na nguo ya zamani. Nguo kuukuu ni ile iliyokwisha kazi yake. Imechakaa, imepauka, na haina la kufanyiwa ila kukatwa matambara. Nguo ya zamani ni ile iliyoshonwa miaka mingi iliyopita na bado inazo nguvu zake. Tofauti hii si ya maneno matupu. Kwa kutoijua, zipo aila ambazo huzitoa suti nzuri za wazee wao kwa bei ya matambara, na wapo vijana ambao hukopa fedha ili wanunue suti mpya zisizomaliza mwaka.

Leo tunapenda kulizungumza jambo hili kwa urefu, kwa sababu linagusa mambo mawili yanayotuhusu sote visiwani humu. La kwanza ni mfuko wa mtumishi wa umma na wa kijana anayeanza kazi. La pili ni ufundi wa mikono, ambao ukipotea hautarudi kwa kupigwa mbiu.

Suti haikuzaliwa kwetu. Ilipata umbo tunalolijua huko Uingereza katika karne ya 19, nayo ikafika katika miji ya pwani pamoja na meli, maofisi na mafundi. Mafundi wa Kigoa na wa Kihindi waliishona mjini Zanzibar, na wenyeji nao wakajifunza kazi hiyo wakaimudu. Lakini sisi hatukuipokea kama ilivyokuja. Tulilitoa koti tukalivaa juu ya kanzu, na hadi leo bwana harusi, shahidi wa ndoa na mzee anayekwenda kuswali Idi hujiona hajakamilika bila ya koti. Baadaye, katika miaka ya 1970, suti isiyotaka tai, iliyopewa jina la Rais Kenneth Kaunda wa Zambia, ikawa nguo ya ofisi na ya mikutano. Ndiyo maana ndani ya masanduku ya wazee wetu zimo nguo za namna tatu: suti kamili, koti la kuvalia kanzu, na suti ya Kaunda. Zote tatu zimo katika mazungumzo yetu.

Hapana shaka wapo watakaotuuliza: je, kuwasifia wananchi nguo za zamani si kuikaribisha mitumba inayoviua viwanda vyetu? Swali hili ni la haki na linastahiki jibu. Mitumba ilienea sana nchini baada ya masharti ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980. Mwezi wa Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliazimia kwamba nguo na viatu vilivyokwisha kutumika viondolewe katika masoko yao hatua kwa hatua hadi kufikia 2019. Marekani ilipotishia kuziondolea nchi hizo nafuu ya ushuru, azimio hilo halikutekelezwa kama lilivyokusudiwa. Rwanda ilishikilia ushuru wake mkubwa, na mwaka 2018 nguo zake zikasimamishiwa nafuu ya kuingia Marekani bila ya ushuru. Tunayakumbusha haya ili ifahamike kwamba mtumba si jambo dogo la barazani. Ni jambo linalogusa uchumi na heshima ya nchi.

Lakini suti ya zamani ina mlango mwengine. Suti iliyomo ndani ya sanduku la baba haitaki fedha za kigeni, haipiti bandarini, wala haikiui kiwanda cho chote. Hata ile inayotoka katika robota, ikiwa mnunuzi ameichagua kwa ujuzi, sehemu kubwa ya fedha itakayotumika juu yake huenda kwa fundi na kwa dobi wa hapa hapa. Kwa hivyo ushauri wetu wa kwanza ni huu: kabla ya kwenda sokoni, lifunguliwe sanduku la nyumbani. Na ikiwa mwenye sanduku ameshafariki, tukumbuke kwamba nguo zake nazo ni mirathi. Warithi wote waulizwe na waridhie kabla ya kuuzwa au kutolewa sadaka, na kabla ya hapo aitwe fundi azitazame.

Sasa tuje kwenye kununua. Suti ya zamani inunuliwe mchana, nje, penye mwanga wa jua. Taa ya dukani huficha mengi. Jambo la kwanza la kutazama ni kitambaa. Sufu njema ukiikunja mkononi kisha ukaiachia, hurejea taratibu bila ya kubaki na mikunjo mikali. Tetroni, au poliesta kama iitwavyo leo, huwa nyororo ya kuteleza na huzuia joto la mwili. Ikiwa shaka ingalipo, mnunuzi aombe achomoe uzi mmoja kutoka ndani ya pindo auwashe kwa kibiriti, mbali na nguo. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, huzimika yenyewe, na majivu yake husagika vidoleni. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Pamba na kitani huungua kama karatasi. Jaribio hili halina gharama, na halidanganywi na karatasi ya bei wala na maneno ya muuzaji.

Uzito wa kitambaa nao una maana kubwa kwetu. Suti nyingi za Ulaya za kabla ya miaka ya 1950 zilishonwa kwa kitambaa cha gramu 450 hadi 500 kwa mita moja, kwa kuwa nyumba na maofisi ya huko yalikuwa na baridi. Kitambaa cha suti ya siku hizi mara nyingi ni cha gramu 250 hadi 300. Koti zito la namna ile, hata likiwa zuri kiasi gani, litamtesa mwenye kulivaa mwezi wa Februari. Mtu wa visiwani atafute sufu nyepesi iliyofumwa kwa kuachana, ambayo akiinyanyua kwenye mwanga ataona upepo una njia ya kupita. Au atafute kitani na pamba. Na koti lenye bitana nusu mgongoni ni bora kwetu kuliko lenye bitana kamili.

Jambo la pili ni lile lisiloonekana. Baina ya kitambaa cha nje na bitana, kifuani mwa koti, huwemo kitambaa cha tatu kinacholishika umbo lake. Mafundi wa zamani walitumia kitambaa kigumu kilichochanganywa na singa za farasi, wakakishona kwa mkono ili kicheze pamoja na mwili. Kuanzia miaka ya 1960 viwanda vingi vilianza kukibandika kitambaa hicho kwa gundi na joto, kwa sababu kazi hiyo ni ya haraka na ya rahisi. Gundi ikiwa duni, joto la pasi na unyevu huiachisha, na kifua cha koti huota malengelenge ambayo fundi ni shida kuyatibu. Kujua ni kwepesi: mnunuzi alifinye koti chini ya tundu la kifungo, aitenge nguo ya nje kwa vidole viwili na bitana kwa vidole viwili. Akihisi kipande cha tatu kinateleza katikati, koti hilo limeshonwa. Akihisi nguo ya nje ni ngumu na haitengeki, koti hilo limebandikwa.

Tatu, mnunuzi akague mahali panapoanza kufa: makwapani, shingoni, viwikoni, kwenye pindo la mikono, msambani na makalioni mwa suruali. Suruali ainyanyue juu ya jua aitazame kwa ndani. Matundu ya nondo huonekana kama nyota. Asisahau kuunusa mkono wa koti kwa ndani. Harufu ya sanduku huondoka kwa upepo, lakini harufu ya jasho la miaka na ya ukungu haiondoki kwa urahisi. Vile vile aivute nguo kidogo, kwa taratibu, baina ya mikono miwili. Kitambaa kilichooza kwa kukaa vibaya hulia na kuachana hata kama macho hayaoni kasoro yo yote.

Nne, asitegemee namba iliyoandikwa ndani. Koti la namba 40 la Uingereza ndilo la namba 50 la Italia, na nguo yenyewe huenda ilishapunguzwa au kupanuliwa na fundi wa kwanza. Kinachosema kweli ni futikamba. Mtu apime koti lake limkaalo vizuri, mabega, kifua, urefu wa mgongo na wa mkono, aandike vipimo hivyo, na aende navyo sokoni. Aangalie pia kwamba koti na suruali ni ndugu wa toka nitoke, kwa kuwa katika marobota nguo hizi mara nyingi hutenganishwa, na weusi wa namna mbili huonekana ni mmoja mpaka utoke juani.

Wapo wanaopenda kujua umri wa suti. Ishara zipo. Mafundi wa Savile Row, mtaa wa washonaji wa suti mjini London, wana desturi ya kuweka ndani ya mfuko wa ndani wa koti kibandiko chenye jina la mwenyewe na tarehe. Nguo za Uingereza zilizotengenezwa chini ya kanuni za Serikali wakati wa Vita Vikuu vya Pili na baada yake zilipigwa chapa ya CC41, iliyoanza 1941 na kukoma 1952. Alama ya Woolmark, iliyo mfano wa fundo la uzi, ilianza 1964. Kwa hiyo koti lililoshonewa alama hiyo tangu kiwandani haliwezi kuwa na umri mkubwa kuliko huo. Ama zipu ya suruali, yenyewe peke yake haithibitishi upya, kwa kuwa ilikwisha ingia katika suti tangu miaka ya 1930. Lakini tunawatahadharisha wasomaji kwamba umri si sifa. Zipo suti za miaka 60 zilizoshonwa ovyo, na jina kubwa lililoshonewa ndani halizibi tundu la msambani.

Kabla ya kulipa, mnunuzi ajue lipi fundi analiweza na lipi haliwezi. Washonaji wa zamani walikuwa na busara ya kuacha akiba ya kitambaa kiunoni, mgongoni na kwenye mapindo, wakijua kwamba mwili wa mtu hubadilika. Akiba hiyo ikiwapo, suruali huweza kuongezwa sentimita kadhaa na mkono wa koti kurefushwa. Bitana hubadilishwa yote. Tundu dogo la nondo hufumwa kwa nyuzi zilizochomolewa kutoka ndani ya pindo la suti yenyewe. Lakini mabega yakiwa mapana kupita kiasi, au koti likiwa fupi, fundi hana la kufanya ambalo halitagharimu zaidi ya nguo yenyewe. Hesabu nayo ifanywe kwa ukamilifu. Tuseme, kwa mfano, kijana amenunua suti kwa shilingi 40,000, fundi akataka 25,000 na dobi 10,000. Suti hiyo si ya 40,000, bali ni ya 75,000, na kwa bei hiyo ndivyo ailinganishe na suti mpya.

Suti ikishafika nyumbani isitundikwe siku hiyo hiyo pamoja na nguo nyengine. Anayekula sufu si nondo anayeruka, bali ni funza wake, na mayai yake ni madogo mno kuonekana. Mwenye friza aitie suti ndani ya mfuko wa plastiki, auondoe upepo, aufunge barabara, na aiweke humo wiki 2 katika baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Akiitoa, aiache ndani ya mfuko huo huo mpaka ipoteze baridi yake, ndipo aufungue. Ni wazi kwamba friza hiyo isiwe ile yenye jodari na pweza visivyofungwa. Asiye na friza aipige burashi nguo yote, hasa chini ya kola, ndani ya mifuko na kwenye mishono, kisha ampelekee dobi.

Utunzaji wa kila siku hautaki mali, unataka mazoea. Suti ivaliwe siku moja na ipumzishwe siku inayofuata, ili jasho likauke na nyuzi zirejee mahali pake. Mifuko itolewe kila kitu. Koti litundikwe juu ya henga pana yenye mabega, si juu ya msumari wala waya, kwa kuwa msumari hutoboa na waya huchonga bega. Ipigwe burashi kutoka juu kwenda chini, kisha iachwe penye kivuli na upepo. Jua kali la saa sita hupausha rangi upande mmoja, na kasoro hiyo haina dawa.

Suti ya sufu haifuliwi kwa maji wala haisuguliwi kwa sabuni. Ufuaji usiotumia maji, ule uitwao draiklina, nao usikithirishwe. Mara chache kwa mwaka zinatosha, na koti na suruali ziende pamoja ili rangi zisiachane. Suti ya Kaunda ya pamba au ya tetroni huweza kufuliwa kwa maji, baada ya kujaribiwa kwanza mahali pasipoonekana. Kwenye kupiga pasi, kitambaa cha pamba kilichonyunyizwa maji kiwekwe baina ya pasi na sufu, na pasi ibonyezwe na kunyanyuliwa badala ya kuburutwa. Pasi inayotembezwa kavu juu ya sufu huing'arisha viwikoni na makalioni, na mng'aro huo ndio unaomfanya mtu aonekane amevaa nguo kuukuu. Anayetumia pasi ya mkaa aipepee na kuipangusa mbali na nguo, kwa kuwa cheche moja ni tundu moja.

Adui mkubwa wa nguo katika visiwa hivi ni unyevu. Hewa ikizidi unyevu wa asilimia 70 hivi, ukungu huota, na katika masika hewa yetu huzidi hapo siku baada ya siku. Ndipo nguo hufanya kawa, yale madoa meusi ambayo yakishaingia ndani ya nyuzi hayatoki. Kabati isiegemezwe moja kwa moja kwenye ukuta wa mawe na chokaa. Suti isifungiwe ndani ya mfuko wa plastiki wa dobi, bali ifunikwe kwa mfuko wa kitambaa cha pamba kinachopumua. Na kila mwezi itolewe, itazamwe, ipigwe burashi. Funza wa nondo hupenda giza na utulivu. Nguo inayoguswa mara kwa mara haimpi makazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hapa tunalo onyo ambalo tunaomba lisomwe kwa makini. Katika nyumba nyingi masanduku hutiwa vidonge vyeupe vya naftalini ili kuwafukuza wadudu. Vidonge hivyo si salama. Wapo watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali ambayo ni ya kawaida katika nchi zilizokaa na malaria kwa karne nyingi kama zetu. Kwa watu hao naftalini huziharibu chembe nyekundu za damu. Watoto wachanga waliovishwa nguo au kufunikwa mablanketi yaliyohifadhiwa kwa naftalini wamepata manjano makali, na wengine wamefariki. Umoja wa Ulaya uliiondoa naftalini katika dawa za nondo mwaka 2008. Sanduku lenye koti la babu mara nyingi ndilo hilo hilo lenye shali ya mjukuu. Koti halina thamani ya damu ya mtoto.

Badala yake tunayo karafuu. Vijifuko vya kitambaa vilivyojazwa karafuu kavu, vikitundikwa kabatini bila ya kugusana na nguo na kubadilishwa harufu ikififia, humchukiza nondo asije kutaga. Lakini karafuu hazimuui funza aliyekwisha ingia, kwa hiyo hazichukui nafasi ya burashi. Kufukiza udi nako ni adabu njema ya nguo, ila moshi wake hauui mdudu, na harufu yake huweza kuificha harufu ya kawa isitambulike mapema.

Tunamalizia kwa kuwaelekea waheshimiwa wenye madaraka. Yote tuliyoyaeleza yanategemea kuwapo kwa fundi anayejua kulifungua koti na kulirejesha, na dobi anayejua kupiga pasi sufu. Ujuzi huo umo mikononi mwa wazee, na mikono hiyo inazeeka. Tunaviomba vituo vya mafunzo ya amali vimweke kijana mbele ya koti la zamani kama vinavyomweka mbele ya kitambaa kipya, kwa kuwa anayejua kutengeneza alichoshona mwengine ndiye aliyekwisha kujua kushona. Tunaziomba taasisi zinazoshonesha sare zitenge sehemu ya kazi hiyo kwa mafundi watakaokubali kuwachukua wanagenzi. Na tunawaomba viongozi wasione haya kuonekana na suti ya miaka 30 iliyo safi na iliyonyooka. Kijana anayemwona mkubwa wake akivaa hivyo hujifunza kwamba heshima haiko katika upya wa nguo wala katika mkopo ulioinunua.

Kwa wananchi wenzetu tunasema neno moja tu: sanduku lifunguliwe kabla ya masika, lisingoje msiba.